Mama Emérance, Aliyekuwa wa Likasi Nzima

Jumamosi iliyopita, tarehe 17 Julai 1971, ulitimia mwaka mmoja, Mama, tangu ulipofumba macho. Misa imesomwa, kilio kimemalizwa, masufuria ya watu tumeyarudisha kwa wenyewe. Sasa ni zamu yetu sisi wa nyumbani kusema nawe, na mji ukitaka kusikiliza, usikilize. Mji huu umezoea kuingia kwetu bila hodi.

Joachim na Georges wamenituma mimi, dada yao mkubwa, niandike tangazo hili la gazeti la parokia kwa kuwa mimi ni mwalimu. "Yaya Bibiane," Joachim ameniambia, "andika ya fupi, tena ya muzuri." Mazuri nitaandika. Mafupi sikuahidi. Padri Dominique naye amesema hatakata hata neno moja, maana yeye na wadogo zake wanne wote walipita mikononi mwako. Unaona, Mama? Hata ukurasa huu nimeupata kwa jina lako.

Ulikuwa mkunga mzalishaji katika hospitali ya kampuni ya shaba kwa miaka ishirini na sita. Ulianza mji huu ukiitwa bado Jadotville. Masista walikufundisha kazi ukiwa na mimi mgongoni, na wewe ukawafundisha wengine waliokuja nyuma yako. Wako wanaosema ulipokea watoto elfu nne, wako wanaosema elfu sita. Mwenyewe ulipoulizwa ulijibu kwamba waliofika wanajijua, ukaendelea kukunja vitambaa. Shituru walikujua, Panda walikujua, Kikula walikujua. Hata Kambove walituma lori likuchukue wakati mzalishaji wao alipougua, na ulikaa huko wiki tatu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilizihesabu zile siku kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni.

Kila Jumamosi uliketi kwenye ngazi ya nyumba na wembe wa Baba ukikata kucha hadi nyama. Ulinawa mikono mpaka kwenye viwiko, mara tatu, hata kama ulikuwa unataka tu kuchuma mboga ya lengalenga. Katika mfuko wa aproni ulikaa ule upembe wa mbao wa kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Sisi watoto tulikatazwa kuugusa. Joachim aliugusa siku moja, akaupuliza kama tarumbeta, na makofi aliyoyapata anayakumbuka mpaka leo.

Wanawake walikuogopa na kukupenda kwa pamoja. Mwanamke akipiga makelele sana ulimwinamia usoni ukamwambia, "Usinililie minye! Wakati ulikuwa unacheka na bwana yako, minye nilikuwa pale?" Wanasema mtu alikuwa anacheka katikati ya uchungu, na katika kucheka kule mtoto anatoka. Halafu, kabla hujampa mama yake, ulimweka mtoto karibu na mdomo wako ukamwambia sikioni, "Karibu. Tulikuwa tunakungojea." Kila mtoto. Mtoto wa injinia na mtoto wa mfagiaji, neno lilikuwa lile lile.

Sasa nataka useme ukweli wako huko uliko, Mama. Mwaka mzima watu wananisimamisha njiani kunihadithia neno hilo. Muuza mkaa ananisimamisha, karani wa treni ananisimamisha. "Mama yako alimwambia mutoto yangu karibu!" Nami natabasamu, nasema aksanti, naendelea na safari yangu na wivu wangu. Kwa sababu watoto wote hao uliwapokea wewe, ila watatu. Mimi, Joachim na Georges hukutupokea, maana siku zile wewe ndiye uliyekuwa umelala kitandani. Sisi tulipokelewa na mikono ya watu wengine ambao hata majina yao hatuyajui. Likasi nzima ilisikia karibu yako kabla haijasikia kitu kingine duniani, isipokuwa watoto wako wa tumbo. Mtu asiniambie kwamba hilo ni jambo dogo.

Jumapili ndiyo siku niliyoichukia. Baba alikuwa amerudi kutoka kazini kwake Shituru, kule wanakosafisha shaba, amekwisha kuoga asidi yote ikamtoka, bukari ya unga wa mahindi iko mezani, sombe ya majani ya muhogo iko mezani, samaki yuko mezani, na wewe umeketi. Nasema umeketi! Ndipo tunasikia nje, "Hodi! Mama Emérance, banakuita!" Hukuwahi kusema subirini. Ulisimama na tonge mkononi, ukaliweka, ukanawa mara tatu, ukaenda. Baba alichukua sahani ya pili akaifunika yako, akakaa tena, akatuambia tule. Tulikula tukiitazama ile sahani iliyofunikwa.

Nilipokuwa na miaka minane nilipiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria nikamwomba wanawake wa Likasi wasizae Jumapili moja. Moja tu, sikuomba zaidi. Jumapili ile walizaa mapacha.

Na gauni langu la komunyo ya kwanza, je? Jeupe, lenye mikono mifupi, Baba alilinunua dukani kwa Mgiriki. Nililivaa mara moja. Akaja mwanamke kutoka Kambove juu ya lori la mchanga, hana hata kitambaa, na mtoto wake alikuwa mdogo kama paka. Ulirudi nyumbani mbio, ukafungua sanduku, ukalikata gauni langu vipande viwili nikiwa nimesimama mlangoni natazama. Nililia siku tatu. Ulisema nitapata lingine. Sikupata lingine, Mama. Na yule mtoto aliishi, sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, na katika kilio chako alikuja kunishukuru kwa ajili ya lile gauni. Nilimpa mkono. Nifanye nini? Ulikuwa mtu mwema kuliko sisi sote, na wema wako ulipita kwetu ukienda kwa watu.

Sasa niseme habari ya majina, kwa sababu ndiyo iliyoleta maneno katika mji.

Wanaosoma wanajua, lakini niandike kwa wageni. Kwetu, mtoto akipewa jina la mtu, anakuwa majina yake. Anamwita "majina" na yeye anaitwa "majina." Siyo mchezo. Yule mtoto anashika nafasi ya mwenye jina. Watoto wa mwenye jina wanamwita mama au baba hata kama bado ananyonya. Na mwenye jina akifa, kilio kikitimiza mwaka, majina yake anaketi kwenye kiti chake, anapewa kikwembe chake, kitambaa cha kujifunga, na chombo chake cha kazi, na anamega bukari anawalisha watoto wa marehemu mmoja mmoja. Anasema, "Mutoto yangu, kula." Mtoto anajibu, "Aksanti, Mama." Wote wakiisha kujibu, mume aliyefiwa anavua nguo nyeusi, na kilio kimekwisha.

Ulikuwa na majina kumi na mmoja katika Likasi, Mama. Kumi na mmoja! Wa kwanza ni Emérance wa Berthe, yule mama anayeuza samaki wa kukauka katika soko la Kikula. Berthe alipoteza mimba tatu. Ya nne ulikaa naye siku mbili usiku na mchana bila kurudi nyumbani, na mtoto akatoka mzima, na Berthe akasema, "Huyu haiko wangu, ni wako." Hilo ni neno la shukrani tu, watu wanalisema. Lakini wewe ulilichukua kweli. Kila Jumapili yule mtoto aliletwa kwetu. Ukirudi kutoka kazini na kufunua sahani yako, ulimpakata mapajani, mkala pamoja. Sahani niliyoilinda mimi kwa macho!

Na alikuwa ananiita "mutoto yangu." Ana miaka mitatu, hajui kupenga kamasi, anakuja mbele yangu, mimi niliyekwisha kuolewa, anasema, "Bibiane, mutoto yangu, umekula?" Watu wote walianguka kwa kucheka. Wewe ndiye uliyecheka kuliko wote, hata machozi. Mimi nilitoka nje.

Mwaka ule ule nilikuwa na mimba ya Germain, mtoto wangu wa kwanza. Nilijiambia, sasa atanipokelea wangu. Sasa nitapata ile karibu yake, ikiwa siyo kwangu mimi basi kwa mtoto wangu. Miezi tisa nililingojea jambo hilo tu. Lakini ulivyolelewa Kasai, mama mkwe haingii chumba ambamo binti yake anamzalia mkwe. Ni heshima kwa mkwe. Nicolas, mume wangu, alikuja mwenyewe kukuambia kwamba yeye hana neno, uingie tu. Ulikataa. Ukampa kazi Hélène, msaidizi wako.

Hélène ni mtu mzuri, mikono yake ni mizuri, simlaumu. Ilikuwa saa sita ya mchana, king'ora cha kiwanda kinalia, na mimi nasukuma. Ndipo nikakusikia. Ulikuwa nyuma ya ukuta, chumba cha pili, unamzalisha mwanamke mwingine. Nilizisikia nyayo zako. Nilisikia ule wimbo wako usio na maneno, wa puani. Na nikasikia, wazi kabisa, "Karibu. Tulikuwa tunakungojea." Kwa mtoto wa mtu nisiyemjua. Germain alitoka dakika ile ile, na hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu Hélène hana kawaida ya kusema na watoto.

Siku ya tatu ulikuja kuniona na uji. Nilikuuliza mbona hukuja. Ukasema, "Nilikuwa ku kazi, Bibiane."

"Na minye nilikuwa nini?"

"Weye uko mutoto yangu. Mutoto yangu haiko kazi."

Ukanishika mguu juu ya shuka. Nilikuwa nimekasirika mno, sikukutazama. Neno hilo nimelibeba miaka kumi sasa, na siku nyingine naliona zuri sana, na siku nyingine naona ulinikimbia nalo. Alipozaliwa Urbain, mwanangu wa pili, sikukuuliza tena.

Halafu ukafa. Hukuugua muda mrefu, moyo ulisimama siku ya Ijumaa ukiwa umeketi unakata kucha kabla ya siku yake. Tulifikiri tutakulia. Tulilia lini? Kabla Baba hajapata nguo nyeusi, uwa ulikuwa umejaa. Walikuja wa kampuni na maua, walikuja wa chama na bendera ya kijani, walikuja Masista, ikaja fanfari na tarumbeta zake. Mkubwa mmoja wa mji alisimama juu ya kiti chetu cha jikoni akasema, "Mama Emérance haiko wa familia moja. Yeye ni wa sisi wote!" Wakapiga makofi. Kwenye kilio! Mimi nilikuwa nimeketi chini, kichwa wazi, nikasema moyoni, shuka kwenye kiti chetu.

Makaburini watu walikuwa wengi hata hatukupata njia. Baba alipitishwa, wanaume walimbeba karibu mikononi. Sisi watoto tulibaki nyuma. Nilimgusa begani mwanamke aliyekuwa mbele yangu nikamwomba anipishe. Akageuka na machozi yake yote, akaniuliza, "Weye ni nani? Siye tuko batoto yake!" Hakuwa mtu mbaya, hakunijua tu. Nilipofika mbele, udongo ulikuwa umeshaanza kuanguka, na sikuliona sanduku lako, Mama. Niliona udongo.

Krismasi ilipofika nilikuwa na mimba tena. Kila mtu alijua atakuwa msichana. Mashangazi walijua, majirani walijua, Hélène alinipapasa tumbo akasema ni msichana. Na kila mtu alijua ataitwa nani. Mimi zaidi ya wote. Nitasema bila aibu: nilifurahi kwa kijicho. Nilisema, sasa Berthe na samaki wake wataona. Majina wa damu amekuja, wale kumi na mmoja warudi kwao. Kiti cha Mama kitakaliwa na mtoto wangu, na upembe wa mbao utaning'inia nyumbani kwangu, na watu wakitaka kumwona Mama Emérance watabisha hodi mlangoni kwangu, na mimi nitasema subirini, anakula.

Alizaliwa tarehe 11 Juni, asubuhi, mzima, na nywele nyingi. Berthe mwenyewe alikuja siku ya pili na kinywaji cha munkoyo, ndoo nzima. Alisema, "Mama amerudi kwake. Binti yangu hatakaa ku kiti, ni haki ya huyu." Alisema kwa moyo safi, ningetaka aseme kwa uchungu kidogo.

Siku ya nane tulimtoa nje. Ee Mungu wangu, Mama! Walikuja kutoka kila upande. Shituru, Panda, Kikula, kama siku ile ya mazishi. Walikuja na watoto wao. "Mama Emérance amerudi!" Mmoja anampokea, anamwambia, "Mama, ulinizalishia binti yangu, unamukumbuka?" Wa pili anampokea kutoka kwa wa kwanza. Wa tatu anataka abarikiwe tumbo kwa kile kimkono kisichoweza hata kukunjuka. Mtoto wa siku nane! Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, maziwa yananitoka, mikono mitupu, namtafuta kwa macho katika uwa wangu mwenyewe. Nikamwona yuko kule mwisho, kwenye lango. Wanampitisha hata nje.

Baba naye alimchukua. Mwaka mzima hatukumwona akicheka. Alimwinua akasema, "Aa, muke yangu! Ulienda wapi?" Watu wakacheka, na yeye akacheka, na ilikuwa vizuri kumsikia, kweli sikatai. Kila mmoja katika uwa ule alikuwa amekupata tena. Basi mimi nikajaribu. Nilipofikiwa na mtoto wangu nilimtazama usoni nikamwita, "Mama."

Akageuza kichwa, anatafuta titi.

Nilishtuka, Mama. Nilihisi kana kwamba nimekuzika mimi mwenyewe, safari hii kwa mkono wangu. Maana nilipokuita, mtu mwingine alikuwa ameitika. Na nikafikiri, itakuwa hivi maisha yangu yote. Nikitaka kukulilia, nitasema Mama, na kitoto kitakuja mbio kuniuliza nataka nini. Wewe mwenyewe, yule wa wembe na kucha, yule aliyekata gauni langu, yule aliyekuwa nyuma ya ukuta, hutabaki hata na jina la kuitiwa.

Mikono mingine ikamchukua tena kwangu. Nilisimama. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Huyu ni Martine."

"Martine nani?" Georges akauliza.

"Martine wangu na wa Nicolas. Mupeni arudi kunyonya."

Berthe ndiye aliyesogea karibu. "Bibiane, unakataza mama yako kurudi?"

"Ninakataza mutoto yangu kubebwa," nikasema. "Mama Berthe, mulimubeba mama yangu miaka makumi mbili na sita. Huyu hapana."

Nilisema vibaya, najua. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kumaliza munkoyo, na tangu siku ile Likasi inasema Bibiane amemkana mama yake. Sokoni wananipimia samaki bila kunitazama. Wazazi wa wanafunzi wangu wamenifundisha adabu mimi mwalimu wao. Nimesikia yote. Nawajibu hapa, mbele yako.

Basi Jumamosi iliyopita aliyeketi kwenye kiti chako ni Emérance wa Berthe. Ana miaka kumi na mitatu, magoti marefu, amevaa kikwembe chako cha kahawia ambacho mimi nilikifua na kukipiga pasi mwenyewe. Alipewa upembe wako wa mbao. Aliushika kwa mikono miwili, hakuupuliza. Nilikuwa natafuta kosa, Mama, nitazame kama atauchezea, kama atacheka, kama atapanua miguu. Sikupata kosa.

Alimega bukari. "Joachim, mutoto yangu, kula." Joachim, mwenye tumbo lile na ndevu zile, alipiga goti akafungua kinywa. "Aksanti, Mama." Akalia. Georges vile vile. Baba alikuwa amekaa pembeni katika koti jeusi, amekwisha kufungua kifungo kimoja, anangojea.

Halafu mimi. "Bibiane, mutoto yangu, kula."

Nilikula. Chumvi ilikuwa sawa. Nilimeza. Watu wote wa uwani walikuwa wananitazama mdomo. Neno ni moja tu, na nililitaka litoke, kwa ajili ya Baba, kwa ajili ya koti lile. Nilifungua kinywa mara mbili. Halikutoka. Shangazi mmoja akaanza kunung'unika kwamba kilio hakitakwisha, kwamba mzee wa watu atakaa katika weusi mwaka mwingine kwa sababu ya kichwa kigumu cha mwalimu.

Yule msichana aliinama kidogo akaniambia polepole, nisikie mimi tu, "Haizuru. Siyo lazima." Hata adabu yake niliionea wivu, Mama. Nilijua ameipata wapi.

Ndipo Baba akasimama. "Mutoto amekula," akasema. "Mwenye kula amekula, imetosha." Akavua koti akalitupa juu ya kamba ya nguo.

Baadaye, watu wakiwa wanakula, nilimpelekea Baba maji ya kunawa nikamwomba msamaha. Aliniambia kitu nisichokijua. "Miaka yote minye njo nilikuwa nafunika ile sahani," akasema. "Unazani minye sikuwa na wivu? Nilikuwa naufunika pamoja na samaki." Akanawa mikono. Mara tatu, Mama. Sijui ameanza lini.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, sikumkana mama yangu. Mmepata majina kumi na mmoja, na mtapata wengine, wapeni kwa amani. Waitwe, waitike, wakue, wazae. Mimi ni mmoja tu katika mji huu ambaye hataki Mama Emérance mwingine. Nikisema Mama, nataka kimya, nijue ni yeye niliyemwita.

Mama, tunaokukumbuka nyumbani ni hawa: François, mume wako; Bibiane, Joachim na Georges, uliotuzaa; Nicolas, mkwe wako, ambaye ulimheshimu kupita kiasi; Germain, Urbain na Martine, wajukuu wako. Na Baba ameniamuru niandike pia: Hélène, Mama Berthe, Emérance wa Berthe na wenzake kumi, Masista, na Likasi yote. Nimewaandika.

Siku zote tutakukumbuka sote, na mimi kuwashinda wote.